Jinsi ya Kuhamia Mji Mdogo wa Brazili na Kustahili Kukaa: Mwongozo wa Cachoeira

Kila mwaka hutolewa orodha mpya za miji ya bei nafuu duniani, na kila mwaka watu wenye mishahara ya dola na yuro huzisoma kama wanavyosoma menyu ya hoteli. Wanachagua hali ya hewa, wanachagua kodi ya nyumba, wanachagua kasi ya intaneti. Wenyeji hawamo kwenye menyu hiyo. Mwongozo huu unaanza nao.

Mji wenyewe ni Cachoeira, katika jimbo la Bahia, kaskazini-mashariki mwa Brazili. Uko kando ya mto Paraguaçu, kama kilomita 110 kutoka Salvador, na wakazi wake hawako mbali na 30,000. Ng'ambo ya mto uko mji wa São Félix, na kati yao limelala daraja la chuma la Dom Pedro II, lililofunguliwa mwaka 1885 kwa vyuma vilivyoletwa kutoka Uingereza. Eneo lote linaitwa Recôncavo. Lilitajirika kwa sukari na tumbaku, yaani kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Mto ndio uliokuwa barabara: meli ya kwanza ya mvuke nchini Brazili ilisafiri kutoka Salvador hadi Cachoeira mwaka 1819. Baadaye barabara kuu zikajengwa kwingine, biashara ikahamia Salvador na Feira de Santana, gati likakosa mizigo. Majumba yakabaki, fedha zikaondoka. Hapo ndipo ilipotoka ile kodi ndogo iliyokuvutia.

Unafuu huo una hesabu yake. Mwaka 2025 mshahara wa chini kisheria nchini Brazili ulikuwa reali 1,518 kwa mwezi. Viza ya watu wanaofanya kazi za nje kwa kompyuta, iliyoanza kutolewa mwaka 2022, humtaka mwombaji aonyeshe kipato cha dola 1,500 kwa mwezi au akiba ya dola 18,000. Kwa viwango vya kubadilisha fedha vya mwaka 2025, dola hizo 1,500 zilizidi mara tano ya mshahara wa chini. Maana yake, mgeni maskini kuliko wote anayeruhusiwa kuingia kwa viza hiyo, akifika mtaani Cachoeira, ni tajiri.

Basi tusidanganyane. Unafuu wa Cachoeira ni pengo kati ya mfuko wako na mfuko wa jirani yako, na kuishi vizuri hapo ni kujua utafanya nini na pengo hilo. Waswahili tuna kipimo cha kale: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatua zifuatazo ndiyo dawa yenyewe. Nyingine ni chungu.

Hatua ya 1: Neno "rahisi" liishie uwanja wa ndege

Utatua, utakunywa kahawa ya kwanza, utapiga hesabu kichwani, na ulimi utakuwasha kutangaza kwamba kila kitu hapa ni karibu na bure. Nyamaza. Mwanamke aliyekuuzia kahawa hiyo analipwa kwa reali, analipa kodi kwa reali, na kwake hakuna kilicho bure. Ukitaka kusifu, sifu kahawa.

Jambo hilo linahusu pia kupatana bei. Sisi tuliokulia karibu na Kariakoo, Gikomba au Marikiti tunajua kwamba kupatana ni mchezo mtamu, na muuzaji usiyepatana naye huona amedharauliwa. Lakini mchezo unataka watu wa uzito mmoja. Mgeni mwenye kipato mara tano ya jirani, anayekomalia reali mbili kwenye fungu la bamia, hachezi tena na mtu: anamnyonya. Lipa bei uliyotajiwa, chukua bamia zako, uliza hali ya watoto. Ukizoeleka utaongezewa mbili tatu juu ya fungu, nazo zitakuwa zimetolewa kwa moyo.

Hatua ya 2: Karatasi kwanza, machweo baadaye

Mto Paraguaçu ni mzuri jioni, na hautahama. Anza na CPF, namba ya mlipa kodi yenye tarakimu 11. Bila CPF huna laini ya simu ya kudumu, huna akaunti ya benki, huna mkataba wa nyumba, na hata duka la dawa litakuuliza hiyo namba kabla halijakuuliza unaumwa nini. Unaweza kuiomba ukiwa bado nje, kupitia ubalozi wa Brazili, na Nairobi na Dar es Salaam zote zina ubalozi huo. Iombe kabla hujafunga sanduku.

Ukishaingia na viza ya muda, una siku 90 za kujiandikisha kwa Polícia Federal ili upewe kadi ya mkazi wa kigeni. Ukichelewa, faini huhesabiwa kwa siku. Kisha utakutana na cartório, ofisi ambako sahihi yako huwekwa kwenye kumbukumbu ili kila mkataba utakaotia sahihi ulinganishwe nayo na kugongwa muhuri. Foleni ipo, mihuri ipo, na karatasi uliyoisahau nyumbani ndiyo itakayotakiwa. Mtu aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja kwao hana la kushangaa hapo. Nenda asubuhi, vaa vizuri, salimia kila aliye kwenye foleni, na usimweleze karani jinsi mambo yanavyokwenda haraka huko ulikotoka.

Kuna karatasi moja ambayo wageni wengi huikwepa, nayo ni ya kodi ya mapato. Mwenye viza ya muda akikaa Brazili zaidi ya siku 183 ndani ya miezi 12, sheria humhesabu kuwa mkazi kwa mambo ya kodi, na kipato chake cha nje kinaingia kwenye hesabu. Tafuta mhasibu wa hapo hapo, mlipe ada yake, utangaze ulichonacho. Kodi hiyo ndiyo inayoendesha zahanati utakayokimbilia siku ukiugua.

Hatua ya 3: Panga nyumba kwa reali

Sheria ya upangaji ya Brazili ya mwaka 1991 inakataza kodi ya nyumba kutajwa kwa fedha za kigeni au kufungwa kwenye kupanda na kushuka kwa dola. Ikumbuke sheria hiyo pale utakapotaka kumshawishi mwenye nyumba kwa noti za kijani. Mwenye nyumba akishaonja dola moja, mpangaji wa reali aliyekaa chumba cha pili kwa miaka mingi ataanza kuonekana mzigo. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye nyumba kudai dhamana ya aina moja tu. Anaweza kutaka mdhamini mwenye mali, au amana isiyozidi kodi ya miezi mitatu. Wewe mdhamini huna, kwa hiyo andaa amana.

Nyumba utakazoonyeshwa ni za kupendeza: ghorofa za kizamani zenye madirisha marefu, sakafu za mbao na vigae vya udongo. Tangu mwaka 1971 mji umewekwa chini ya ulinzi wa taifa kama urithi wa kihistoria, na taasisi ya IPHAN ndiyo yenye neno la mwisho juu ya kinachobadilishwa. Ukuta wa mbele haupakwi rangi uliyoiota usiku, dirisha halitobolewi ukutani kwa sababu kitanda chako kinataka upepo. Kabla ya kutia sahihi, kagua paa na unyevu, kwa kuwa bonde la mto hutunza joto na majimaji. Waulize wazee kuhusu mafuriko. Watakusimulia miaka ambayo mto uliingia sebuleni, kabla bwawa la Pedra do Cavalo halijajengwa juu ya mji.

Halafu ujizuie. Nyumba moja inakutosha. Mgeni anayenunua nyumba nne ili azikodishe kwa watalii wa siku mbili mbili huwaondoa watu wanne waliokuwa wakinunua mkate kwa jirani, wakiimba kwaya na kubeba majeneza ya mtaa. Mji wa kihistoria usio na wakazi hubaki na kuta tu, na kuta hazipigi samba.

Hatua ya 4: Salimia kabla ya kuuliza nywila ya intaneti

Sharti hili halitakiwi kumtaabisha Mswahili, lakini kompyuta hutusahaulisha malezi. Cachoeira ni mji wa kusalimiana. Ukiingia dukani, ukipanda basi, ukipita mbele ya kibaraza chenye mzee aliyekaa, unatoa salamu ya asubuhi, ya mchana au ya jioni. Mama mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Hutanguliziwa *dona*, na baba hutanguliziwa *seu*. Sisi wenye Bi na Mzee, wenye shikamoo iliyotufundisha kuinamisha kichwa tangu utotoni, tunaanza tukiwa mbele ya wageni wengine. Tusiipoteze nafasi hiyo.

Jifunze Kireno, na ukijifunze mtaani. Usisubiri mji mzima ujifunze lugha ya mwajiri wako. Mwezi wa kwanza utachekwa, na kicheko hicho ni darasa la bure. Mtu anayekaa miaka mitatu bila kuweza kumpa pole jirani aliyefiwa hajahamia. Amehamisha kiti chake cha kazi tu.

Hatua ya 5: Kula unachopikiwa, ukiuliza kilichomo

Hapa mtu wa Afrika Mashariki na ya Kati atajiona yuko kwa shangazi. Mawese yapo, yakiitwa *dendê*, na ndiyo yanayoupa mchuzi wa samaki wa moqueca rangi yake. Bamia hupikwa pamoja na uduvi mkavu, ikawa caruru. Kunde husagwa na kukaangwa ndani ya mawese moto, ikawa acarajé, na mtu wa pwani aliyezoea bajia za kunde atajua mara moja ameonja nini. Unga wa muhogo uliokaangwa hukaa mezani kila mlo. Na kuna maniçoba, chakula ambacho Cachoeira inajivunia: majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakachemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu yake ya asili iishe, kisha yakapikwa na nyama za chumvi. Aliyekula kisamvu Tanga au sombe Bukavu atalitambua jani hilo kabla hajaambiwa.

Nyama ndani ya maniçoba, na ndani ya feijoada ya maharage, mara nyingi huwa na nguruwe. Ndugu Mwislamu aulize mapema na kwa heshima, atajibiwa vizuri na atapikiwa samaki. Ajue pia kwamba hayuko kwenye ardhi isiyomjua: mwaka 1835 Salvador ilitikiswa na uasi wa Waafrika Waislamu waliokuwa watumwa, uliopangwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, na mji huo hadi leo una kituo cha Kiislamu na jamaa wanaosali pamoja.

Chakula nunua sokoni na kwenye magenge, kwa watu wenye majina. Kulipa ni kwa Pix, mfumo wa Benki Kuu ya Brazili ulioanza Novemba 2020: fedha hufika papo hapo kwa simu, na mtu binafsi hatozwi chochote. Mtumiaji wa M-Pesa ataushika siku hiyo hiyo. Muuza acarajé anao, fundi viatu anao. Ndiyo maana kisingizio cha kukosa chenji kimekwisha, na deni la duka la jirani halina sababu ya kulala.

Hatua ya 6: Usingizi wa Juni uhamishie Julai

Kama unatafuta mji wa kimya, usije Cachoeira. Juni ni mwezi wa Mtakatifu Yohana: mioto mbele ya nyumba, fataki, muziki wa forró mpaka alfajiri, na likeri za matunda, hasa za jenipapo, ambazo mji huu unasifika kwazo. Tarehe 25 ya mwezi huo Cachoeira inakumbuka mwaka 1822, siku watu wake walipoinuka dhidi ya utawala wa Wareno, zaidi ya miezi miwili kabla uhuru wa Brazili haujatangazwa. Kwa heshima ya siku hiyo serikali ya jimbo la Bahia huhamishia makao yake Cachoeira kwa siku moja kila mwaka. Usipange mkutano wa kazi wa saa mbili asubuhi tarehe 25 Juni, kisha ukalalamikia matarumbeta. Matarumbeta yalikutangulia kwa karne mbili.

Agosti, tarehe 13 hadi 15, ni zamu ya Udugu wa Bibi Yetu wa Boa Morte. Ni umoja wa wanawake Weusi watu wazima, wenye asili mwanzoni mwa karne ya 19 huko Salvador, na baadaye Cachoeira. Wakati wa utumwa wanawake hao walichanga fedha za kuwakomboa wenzao na kuwazika kwa heshima. Leo hutembea mitaani kwa maandamano: siku ya kwanza wakiwa wamevaa meupe na mlo wao hauna mawese, siku ya mwisho wakiwa wamejipamba kwa shangwe. Misa ya Kikatoliki na Candomblé, imani yenye asili ya Afrika, vinakaa pamoja ndani ya sherehe hiyo bila kumwomba mgeni ruhusa. Baadaye watu hulishwa, na samba de roda huchezwa. Samba hii ya duara ya Recôncavo ilitangazwa na UNESCO kuwa hazina ya binadamu mwaka 2005, lakini kwa Cachoeira ni makofi na sauti za bibi zao.

Adabu zake ni chache na hazina msamaha. Usimwekee kamera usoni mwanamke aliye kwenye ibada. Usiingie kwenye nyumba ya Candomblé bila kualikwa. Ukialikwa, vaa mavazi meupe au ya rangi nyepesi, kaa ulipoonyeshwa, zima simu. Usiwapigie polisi simu kwa sababu ya ngoma. Imani hii ilisakwa na polisi hao hao ndani ya karne ya 20, na waumini wake bado wanashambuliwa. Mgeni anayelalamikia ngoma ameingia kwenye historia hiyo kwa mlango wa watesaji.

Hatua ya 7: Mlipe dada wa kazi kama sheria inavyotaka, kisha ongeza

Hatua hii ndiyo mtihani wenyewe, na wengi huanguka hapa. Ukiwa na kipato cha dola utashauriwa na wageni wenzako kutafuta mtu wa kufua, kupika na kusafisha, "kwa hela kidogo tu." Brazili ilikuwa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika kufuta utumwa, tarehe 13 Mei 1888, na kazi ya ndani ilibeba alama zake kwa zaidi ya karne. Mwaka 2013 katiba ilirekebishwa ili wafanyakazi wa ndani wapate haki kama wengine, na mwaka 2015 ikaja sheria ya kuzipanga haki hizo moja moja.

Zijue kabla hujamwita mtu jikoni kwako. Anayekufanyia kazi zaidi ya siku mbili kwa wiki ni mwajiriwa wako, si kibarua. Unamsajili rasmi. Saa zake hazizidi 44 kwa wiki, na zinazozidi zinalipwa. Ana likizo ya siku 30 yenye malipo kila mwaka, na mshahara wa kumi na tatu mwishoni mwa mwaka. Unamchangia hifadhi ya jamii na mfuko wa akiba. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuajiriwa kazi hiyo.

Sisi tuliotoka kwenye nyumba ambazo binti wa miaka 14 aliletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya cherehani, tuisome sheria hiyo mara mbili. Mshahara wa chini ni sakafu. Mwenye uwezo wa kusimama juu ya sakafu hiyo asiing'ang'anie. Na kama huwezi kumlipa mtu kihalali, fua mwenyewe. Jua la Bahia linakausha bure.

Hatua ya 8: Ugua kwa adabu

Katiba ya Brazili ya mwaka 1988 ilitamka kwamba afya ni haki ya wote na wajibu wa serikali. Kutokana nayo ukazaliwa mfumo wa afya wa umma, SUS, uliowekwa kisheria mwaka 1990. Huhudumia kila aliye ndani ya nchi, mgeni pamoja na mwenyeji, bila malipo. Kuna zahanati za mitaa na wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Huyo anayebisha hodi mlangoni ni mmoja wao: mfungulie, mkaribishe maji, mjibu maswali. Andikisha kadi yako ya SUS mapema. Kamilisha chanjo zako, na weka cheti cha homa ya manjano mahali salama, kwa kuwa utakaporudi Afrika Mashariki utadaiwa ukionyeshe.

Viza yenyewe inakutaka uwe na bima ya afya. Kwa hiyo pale unapoweza kwenda kwa daktari wa bima Salvador kwa jambo lisilo la haraka, nenda, umwachie nafasi asiye na njia nyingine. Na usiiseme vibaya SUS kwa sababu ya foleni. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo familia huchangishana ili mgonjwa aruhusiwe kutoka hospitali. Nchi iliyoandika kwenye katiba yake kwamba hilo lisitokee inastahili subira yetu.

Hatua ya 9: Ijue rangi yako na inavyosomwa

Bahia ni jimbo lenye Weusi wengi, na Mwafrika atafurahi kupita mtaani bila kukodolewa macho. Utadhaniwa mtoto wa hapo mpaka ufungue kinywa. Furaha hiyo ina upande wake. Dukani utafuatwa na mlinzi kama wanavyofuatwa vijana wa hapo. Polisi wa Bahia ni miongoni mwa wanaoua watu wengi zaidi nchini Brazili, na wanaouawa wengi wao ni vijana Weusi. Tembea na kitambulisho. Ukitukanwa kwa rangi yako, jua kwamba ubaguzi wa rangi ni jinai tangu sheria ya mwaka 1989, na tangu mwaka 2023 tusi la kibaguzi dhidi ya mtu mmoja linahesabiwa kuwa kosa hilo hilo.

Kuna jaribu baya la kusema haraka, "Mimi si wa hapa, mimi ni mgeni," ili uheshimiwe kuliko jirani yako. Usilitumie. Ngao inayokulinda wewe peke yako humwacha kijana wa jirani amesimama ukutani, mikono juu. Kaa upande wake na uwe shahidi wake.

Hatua ya 10: Shika jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cachoeira na São Félix zimewahi kupokea wageni, na mifano miwili inatosha kukufundisha. Mjerumani Geraldo Dannemann alianzisha kiwanda cha biri São Félix mwaka 1873, biri zikasokotwa na mikono ya wanawake wa Recôncavo na kuuzwa dunia nzima, naye akawa mkuu wa kwanza wa manispaa hiyo. Aliajiri, na biri zenyewe zilivuka bahari.

Mwingine ni Karl-Heinz Hansen, mchongaji wa picha za ubao, mzaliwa wa Hamburg mwaka 1915. Alihamia Brazili, akawachonga watu wa Bahia kwa mapenzi, akajiongezea jina la jimbo hilo na kuitwa Hansen Bahia. Miaka ya 1960 alikwenda Addis Ababa kufundisha sanaa hiyo, kisha akarudi na kufanya makazi São Félix. Alipofariki mwaka 1978 kazi zake zilibaki huko huko Recôncavo, chini ya taasisi yenye jina lake, mali ya watu aliowachonga. Huyo ndiye mgeni wa kuigwa.

Wewe huenda hujui kuchonga. Unajua kitu kingine. Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Recôncavo, kilichoundwa mwaka 2005, kina kitivo cha sanaa na lugha hapo hapo Cachoeira, na wanafunzi wake wanataka kusikia Afrika ikizungumza yenyewe, kwa Kiswahili ikibidi. Tangu mwaka 2011 mji una tamasha la fasihi, Flica: peleka kitabu, jitolee kubeba viti. Fundisha watoto wa mtaa unachokijua bila kudai picha ya pamoja. Kama una kazi ya kugawa, mfunze kijana wa hapo na umlipe kwa kiwango ambacho wewe mwenyewe ungekubali kulipwa. Mji huu ulimzaa Ana Néri mwaka 1814, mwanamke aliyewafuata wanawe kwenye vita vya Paraguai ili auguze majeruhi, naye anaheshimiwa kama mama wa uuguzi wa Brazili. Hauna uhaba wa watu hodari. Ulichokosa ni mshahara unaowawezesha kubaki nyumbani.

Baada ya mwaka mmoja, jipime kwa maswali machache. Je, kodi ya nyumba kwenye mtaa wako imepanda kwa sababu yako? Anayekufanyia kazi amesajiliwa? Wapo watu wazima mtaani wanaolijua jina lako, nawe unayajua yao? Ukifiwa, nani atakuja kukaa nawe? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia kama umehamia au umepanga tu.

Na kama umesoma hatua zote kumi ukaona gharama yake ni kubwa, umeelewa sawasawa. Kuishi kwa haki katika mji mdogo wa Brazili kunagharimu zaidi ya ile kodi uliyoiona kwenye orodha, na dola zako zinatosha kulipa tofauti hiyo. Aliye tayari kuilipa, afunge safari. Asiye tayari, asihamie Cachoeira.